Mama wa Simu

Saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa kiume alikuwa na kiatu kimoja mguuni. Cha pili hakikuonekana.

Dereva wa teksi alikuwa nje, gari limewashwa. Mabegi yalikuwa kwenye buti. Dada yake mtoto alikuwa ameketi kitini, amevaa kila kitu, amefunga hadi kifungo cha shingoni, akimtazama mdogo wake kama hakimu anavyomtazama mshitakiwa aliyechelewa kufika mahakamani.

"Kiko ndani ya sufuria," alisema. "Nilimwona akikipika."

Kilikuwa ndani ya sufuria.

Kwa msomaji anayenikuta njiani: watoto hawa wawili ni wa dada yangu. Baba yao alifariki yule mdogo akiwa bado tumboni, na hayo nilikwisha kuyaeleza. Dada yangu ni muuguzi. Mtoto wa pili alipofikisha mwaka, mama yao alipata kazi ng'ambo, akaniachia watoto kwa miezi sita. Miezi sita ikawa miaka miwili. Jinsi vibali vyao vilivyokwama, vikakwamuka, vikakwama tena, nilisimulia wiki iliyopita na sirudii. Sasa vilikuwa vimetoka, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa moja: kuwafikisha watoto kwa mama yao mzazi, mkononi mwake, kisha nirudi kazini.

Mimi ni mtu wa maabara. Ninapima damu katika hospitali ya mji wetu, na wenzangu wananiita Kipimo, kwa sababu siamini homa ya mtu mpaka nimwone mdudu wake kwenye darubini. Nalisema hili ili ieleweke kwamba yafuatayo sikuyatia chumvi.

Wa kike ana miaka sita. Tunamwita Wakili, maana hakubali kauli yoyote bila kuihoji. Wa kiume ana miaka mitatu, na tunamwita Bosi kwa sababu hana kazi na anatumikiwa.

Wote wawili wananiita Mama. Walianza na Mama Mdogo, kama inavyopasa, lakini Bosi alipoanza kusema, neno la pili lilimshinda, akaliacha, na dada yake akamfuata. Sikuwasahihisha. Mama yangu mzazi alisema mtoto akikuita mama unaitika, basi.

Dada yangu walimwita Mama wa Simu. Kila Jumapili alitokea kwenye kioo, akawauliza wamekula nini, akalia, mtandao ukakatika.

Katika ndege ya kwanza Bosi alitapika kabla hatujatulia angani. Mhudumu alikuwa amempa mfuko wa kazi hiyo. Bosi aliupenda mfuko, akaukumbatia usichafuke, akatumia gauni langu. Mzee aliyekaa kiti cha pembeni alinipa gazeti lake lote nijipangusie, isipokuwa ukurasa wa michezo.

Tulishuka kwenye uwanja wa kubadilishia ndege nikiwa na doa toka kifuani hadi gotini. Ubao ulisema ndege yetu ya pili imechelewa na itaondokea mlango wa mbali. Tukaenda huko, Bosi mgongoni, begi mkononi, Wakili mbele akisoma namba za milango kwa sauti kama mtu anayeita mahudhurio. Tulipofika tukaambiwa mlango umerudishwa ule wa mwanzo. Nilimwuliza mhudumu kama ana uhakika. Alisema hana.

Tulirudi.

Hapo kwenye mabenchi alikuja kukaa mama mmoja anayefanya biashara ya nguo za jumla, mwenye mabegi mengi kuliko mikono. Alisikia Wakili akimsomea mdogo wake sheria za kukaa kitini, akajua tunasema lugha moja, na hapo mazungumzo yakaanza, nitake nisitake. Wafanyabiashara ni watu waliozoea kuuza. Wanakuhoji mpaka unawashukuru. Aliniuliza watoto ni wangu, nikamwambia ni wa dada. Aliniuliza nakaa huko niendako, nikamwambia narudi Jumapili.

"Na wao?"

"Wanabaki kwa mama yao."

"Wanajua?"

"Bado. Mama yao kaomba nisiwaambie njiani, wasije wakasumbua."

"Mh," alisema yule mama. "Haya."

Mh ile nimeifikiria sana.

Wakili alikuwa amejilaza benchini, kichwa pajani pangu, macho ameyafumba. Mtu anayeishi kwa kupima angempima kama amelala kweli. Sikumpima.

Yule mama alipokwisha kuondoka na mabegi yake, mtoto aliinuka, akajipangusa uso, akakaa wima.

"Mama, kule nani atanisuka?"

"Mama yako."

"Mama wa Simu anajua kusuka?"

"Anajua kuliko mimi."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa kazini."

Hakuuliza kazini wapi. Mtoto asiyeacha kauli ipite aliiacha hiyo ikapita, na mimi nikashukuru kwamba amechoka. Maabara tunawaonya wanafunzi wetu kila mwaka: mkojo ukitulia kwenye chupa, usiuandike kuwa safi, uchafu umekaa chini. Niliwaonya wanafunzi. Mwenyewe nikaandika safi.

Ndege ya pili ilikuwa ndefu. Bosi alilala juu yangu mpaka mguu wangu wa kushoto ukafa ganzi. Wakili hakulala, hakula, hakuomba kwenda chooni. Aliangalia ramani kwenye kioo cha kiti, kile kidege kidogo kinachosogea kama kimeshikwa na gundi. Nilipomwuliza anawaza nini alisema hawazi kitu.

Tulitua jua likiwa bado juu. Nilipowasha simu nilikuta ujumbe wa dada yangu. Alikuwa nje ya geti tangu mchana. Amewaletea makoti, maana huku kuna baridi. Hajalala. Anaomba nimwambie watoto wamevaa nini ili awatambue upesi.

Niliusoma mara mbili huo mstari wa mwisho. Nikamjibu: wa kike amevaa bluu, wa kiume ana kiatu kisichofungwa.

Foleni ya pasipoti ilikwenda bila vurugu. Afisa aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Aliniuliza uhusiano wangu na watoto. Nilimjibu kwa lugha ya kule, ambayo naimudu: mimi ni ndugu wa mama yao, na mama yao anasubiri nje. Nikampa pasipoti, vyeti vya kuzaliwa na barua ya ridhaa. Alivisoma vyote, akavipanga, akanyanyua muhuri.

Kisha, kwa wema tu, akainama kumwelekea Wakili, akamwuliza kama amefurahi kuja kumwona mama yake.

Shuleni kwao lugha ile wanafundishwa. Wakili alijibu sentensi nzima, bila kosa.

"Mama yangu ni huyu."

Akanishika gauni, pale penye doa.

Muhuri ulirudi mezani.

Nilicheka, nikaanza kueleza. Afisa hakucheka. Alimtazama Bosi, ambaye hakuwa ameelewa lolote na alikuwa na shida yake mwenyewe.

"Mama, mkojo," alisema Bosi, akinivuta mkono.

Neno la kwanza afisa hakuhitaji mkalimani.

Chumba tulichopelekwa kilikuwa na viti vilivyofungwa sakafuni kwa boliti, meza moja, kamera kwenye kona ya dari na ndoo ya plastiki yenye midoli. Bosi, akishatoka chooni, alichagua gari lisilo na magurudumu, akalitangaza kuwa ndege. Wakili alikataa midoli. Alikaa, miguu inaning'inia, mikono mapajani. Chumba kilikuwa na baridi, nikavua sweta langu nikamvisha. Mikono ya sweta ilimfika magotini.

Afisa hakunishutumu. Alinieleza utaratibu kama mimi ninavyomweleza mgonjwa kwa nini nitamtoboa mara ya pili. Ama mimi ni mama yao na nimedanganya ili nipite, alisema, ama si mama yao na nimewafundisha watoto waseme hivyo. Yote mawili anayakuta kazini kwake, na yote mawili huwa yana karatasi nzuri.

Nilimwambia kuna jambo la tatu. Kwetu, mdogo wake mama ni mama.

Alilifikiria hilo kwa haki, nampa sifa yake. Alisema anaielewa desturi, lakini yeye anamkabidhi mtoto kwa mtu mmoja, hamkabidhi kwa ukoo. Watoto wakitia shaka kuhusu nani ni nani, haruhusiwi kuwaacha kwangu wala kwa yule wa nje. Wanakwenda kwenye makao ya watoto mpaka hakimu aamue.

"Muda gani?" nilimwuliza.

"Inaweza kuwa wiki. Nimeona ya miezi."

Nilimwomba amwite dada yangu. Alisema amekwisha kuitwa, anapekuliwa getini, na kabla hajaingia angependa kuzungumza na mtoto peke yake kadiri inavyowezekana. Nisogee kiti cha mwisho. Nisitie neno.

Mkalimani alipatikana kwa simu, kwenye kipaza sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamume, kavu kidogo, ya mtu aliyekuwa akinywa chai. Alinisabahi, akanipa pole ya safari, akaanza kuniuliza natokea upande gani. Afisa akamkumbusha kwamba ameitwa kutafsiri. Akasema samahani.

Maswali yalikuwa mafupi. Nani anakuvisha ukienda shule? Mama. Alininyooshea kidole. Ulipougua, nani alikupeleka hospitali? Mama. Kidole tena. Yule anayesubiri nje ni nani? Mama wa Simu. Umewahi kulala nyumbani kwake? Hapana. Unamwona wapi? Kwenye simu, Jumapili.

Kila jibu lilikuwa la kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa shahidi wa kila moja. Yalipojumlishwa yalitoa uongo, na sikuona la kulipinga kwa sababu hakukuwa na kosa katika hesabu.

Alikuwa na miaka minne mama yake alipoondoka. Anamkumbuka. Mwezi mzima wa kwanza alikuwa akilala mlangoni kwangu, juu ya zulia la kupangusia miguu, ili mama yake akirudi amkanyage na amwamshe. Hilo hakuulizwa, na Wakili hajibu asichoulizwa.

Nilivunja amri.

"Wakili," nilimwita. "Sema ukweli."

"Nimesema," alijibu, bila kunigeukia.

Mkalimani alitafsiri na hayo. Afisa alivua miwani, akaiacha ining'inie. Akaniangalia mimi, kisha mtoto, kisha mimi.

"Basi mwambie wewe," alisema. "Kwa lugha yenu, mbele yangu. Mwambie kwamba wewe si mama yake. Nataka nione anavyolipokea."

Kwenye kipaza sauti nilisikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Afisa, samahani," alisema mkalimani. "Maneno hayo kwetu haambiwi mtoto. Ukimwambia mtoto wa ndugu yako hivyo, umemfukuza nyumbani. Labda aseme kwamba yule wa nje ndiye aliyemzaa."

"Kazi yako ni kutafsiri."

"Naijua kazi yangu. Nakuambia tu kwamba hili nikilitafsiri, wewe utasikia taarifa, na mtoto atasikia kitu kingine."

Afisa alisema ameelewa na bado anaomba. Nimtendee haki: alikuwa na kiti mbele yake chenye mtoto wa miaka sita, na watu wawili wazima waliotaka kuondoka naye. Mimi ningekuwa yeye ningeomba kipimo hicho hicho.

Mkalimani alirudi kwangu, haraka, kwa sauti ya chini kana kwamba afisa hamsikii.

"Dada yangu, usiseme. Tafuta njia nyingine."

"Umemwambia nini?" aliuliza afisa.

"Nimemshauri."

Nilizipima njia. Kunyamaza kungeandikwa kuwa ni kukiri. Kuzungukazunguka kungeonekana ni kumfundisha mtoto majibu. Na sentensi yenyewe, nikiitazama ilivyo, ilikuwa kweli. Sikumzaa. Cheti kipo, damu ipo, ukiipima itasema hivyo hivyo. Sikuona jinsi jambo la kweli, likisemwa kwa utaratibu, lingeweza kuharibu zaidi ya uongo tuliokuwa tumekwama nao.

Niliinuka kutoka kiti cha mwisho, nikaenda kuchutama mbele yake ili macho yetu yalingane. Nilimwita kwa jina lake la cheti, ambalo nyumbani hatulitumii.

"Mimi si mama yako," nilimwambia. "Mimi ni mama yako mdogo. Mama yako ni dada yangu, na yuko hapo nje."

Niliisema vizuri. Mkalimani akatafsiri, na katika lugha ya kule ilikuwa sentensi ya kawaida kabisa.

Wakili hakulia. Alinitazama muda kama anasubiri nimalizie. Alipoona nimemaliza alianza kuvua sweta. Mikono ilikuwa mirefu ikamchukua muda, nikanyoosha mkono kumsaidia, akausogeza pembeni kwa kiwiko, kwa adabu. Akalikunja sweta, upande kwa upande, kama nilivyomfundisha kukunja nguo zake za shule. Akaliweka kiti cha pili.

Bosi aliacha ndege yake sakafuni, akaja.

"Mama amesemaje?" alimwuliza dada yake.

"Amesema yeye si wetu."

Nilisema hapana, sikusema hivyo. Mkalimani, bila kuulizwa, akasema kwa lugha yetu kwamba mtoto ndivyo alivyosikia. Afisa akataka kujua tunaongea nini, na kabla hajajibiwa mlango ukagongwa.

Dada yangu aliingia na mlinzi.

Nilikuwa sijamwona kwa miaka miwili isipokuwa usoni, ndani ya kioo cha kiganja. Nilisahau kwamba ni mfupi. Alikuwa amekonda, amevaa koti juu ya sare za kazi, na kwenye mkono alikuwa na makoti mawili ya watoto, mapya, lebo za dukani zikiwa bado zinaning'inia. La Wakili lilikuwa la mtoto wa miaka minne.

Aliwaita wote wawili kwa majina yao. Akataka kukimbia, mlinzi akamwekea mkono mbele, na afisa akamwambia, si kwa ukali, abaki hapo alipo dakika moja tu.

Bosi alimtazama. Akatazama simu yangu iliyokuwa mezani, akamtazama tena. Kisha akazunguka, akajificha nyuma ya mguu wangu.

"Ni mimi," dada yangu alisema. "Mwanangu, ni mimi. Umekuwa mkubwa."

Maneno hayo alimwambia Wakili. Wakili alishuka kitini. Alisimama katikati ya chumba, gauni la bluu limejikunja kwa safari, nywele nilizomsuka mwenyewe jana yake zikiwa bado zimekaa vizuri. Nilidhani anakwenda. Dada yangu naye alidhani, maana alipiga magoti na kufungua lile koti dogo.

Afisa aliuliza, na mkalimani akauliza baada yake, kwa upole uliopita kazi aliyotumwa:

"Mwanangu, huyu mama aliyepiga magoti, ni nani kwako?"

Wakili alimwangalia mama yake muda mrefu. Aliliangalia koti.

"Simjui," alisema.

Dada yangu alitoa sauti ambayo sitaieleza. Afisa alimwonyesha ishara anyamaze, kisha akaninyooshea mimi kalamu.

"Na huyu?"

Safari hii Wakili hakukawia.

"Na huyu simjui."

Mkalimani hakutafsiri. Afisa alimwita mara moja, akamwita mara ya pili. Ndipo akatafsiri, neno kwa neno, na baada ya hapo akauliza kama wamemaliza naye. Afisa akasema wamemaliza.

Kulikuwa na mlango wa pili nyuma ya meza, ambao muda wote nilidhani ni wa kabati. Afisa aliugonga. Mwanamke kijana aliyevaa kitambulisho cha ustawi wa watoto alitoka humo, akainama, akawanyooshea watoto mikono miwili bila kusema neno.

Wakili aliushika mmoja. Kisha akauacha kidogo, akaja nyuma ya mguu wangu, akamtoa mdogo wake, akamfunga kile kiatu, na wakaingia.